Siri ya Mtungi Aijuaye Kata

Muhula uliopita niliwaongoza wanafunzi wangu wa sekondari kuizuru Ngome ya Yesu, kama nilivyofanya takriban kila mwaka tangu nianze kazi ya ualimu katika kisiwa hiki cha Mombasa. Tuliitazama mizinga, tukapanda juu ya kuta kuiangalia bandari ya kale, kisha tukaingia katika ukumbi wa makumbusho. Hapo wanafunzi, ambao hadi wakati huo walikuwa wameshughulishwa zaidi na vitafunio walivyovibeba, walisimama kimya mbele ya mtungi mmoja mkubwa wa rangi ya kahawia, wenye tumbo pana na vishikio vidogo mabegani.

"Mwalimu," akauliza mvulana mmoja, "humu mlitiwa nini?"

"Maji," akajibu msichana aliyekuwa karibu naye.

"Mafuta," akasema mwingine.

Sauti ya tatu ikatoka nyuma, ya chini, yenye kicheko ndani yake: "Huo si ndio mtungi wa kupiga, Mwalimu?" Darasa zima likaangua kicheko, maana kila anayeishi pwani hii ajua kwamba mtu aliyepiga mtungi hakunywa maji.

Nami nilifanya nini? Niliwakemea. Niliwaambia wafunge vinywa na wasonge mbele, eti muda ulikuwa unatupungukia. Muda haukuwa unatupungukia hata kidogo. Kilichopungua ni ujasiri wangu. Niliziona nyuso mbili tatu za watoto wa Mji wa Kale, ambao wazee wao ni watu wa dini, nikahofu kwamba kesho yake ningeitwa ofisini nieleze kwa nini nilikuwa nikiwafundisha habari za ulevi. Basi swali lililokuwa bora kuliko yote ya siku ile nikalizima kama mtu azimaye kibatari. Makala haya ni deni ninalolilipa kwa kuchelewa.

Tuanze na jina lenyewe. Neno mtungi limehama nyumba. Mwanafunzi wa leo akiambiwa alete mtungi ataleta dumu la plastiki la lita 20, au atauliza kama gesi imekwisha. Lakini lugha yetu ina ghala nzima ya majina ya vyombo vya udongo, ghala ambayo wengi wetu tumeifunga na kuupoteza ufunguo. Kuna chungu na jungu vya kupikia. Kuna mtungi wenyewe, wa kutekea maji. Kuna balasi na kasiki, vyombo vikubwa vya kuyahifadhi maji hayo nyumbani. Kuna gudulia la maji ya kunywa. Na kuna kuzi, lenye shingo nyembamba na vishikio, ambalo kwa maoni yangu ndilo ndugu wa karibu zaidi wa chombo walichokiita Wagiriki na Warumi amfora: vishikio viwili, shingo nyembamba, tumbo refu, na kitako kilichochongoka ili kipate kusimikwa mchangani au kupangwa katika ngama ya merikebu pasi na kuyumba.

Mtungi uliowasimamisha wanafunzi wangu ni wa ukoo mwingine. Wataalamu huiita mitungi ya namna ile Martaban, kwa jina la bandari moja ya Burma, nchi iitwayo leo Myanmar. Vyombo hivyo vizito, vilivyopakwa rangi ya kung'aa kabla ya kuchomwa, vilisafirishwa katika Bahari ya Hindi kwa karne nyingi. Vingine viliopolewa hapa hapa, kutoka katika merikebu ya Wareno iliyoitwa Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Ngome mwaka 1697 wakati Waomani walipokuwa wameizingira. Wapiga mbizi waliichimbua na kuichunguza kati ya mwaka 1977 na 1980. Aghalabu mitungi ya aina hii ilitiwa maji ya safari, mafuta, nafaka na vyakula vilivyokolezwa chumvi. Kwa hiyo msichana yule alipata, na aliyesema mafuta naye alipata.

Je, yule wa nyuma? Lugha yetu yamjibu. Neno mvinyo tulilipata kwa Wareno, kama tulivyopata meza, leso na gereza. Neno pipa nalo ni lao, na wao walilitumia hasa kwa chombo kikubwa cha mbao cha kutilia mvinyo huo huo. Walipofika Mombasa mwaka 1498, Ulaya ilikwisha kuuacha udongo zamani na kushika mbao; ndiyo maana walituachia pipa wala si amfora. Kijana wangu alikosea chombo, hakukosea kinywaji.

Mtu atakaye kuiona divai ikisafiri katika udongo kwenye bahari yetu lazima arudi nyuma miaka 1,400 zaidi. Katika karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Nabii Isa, mfanyabiashara mmoja wa Misri, aliyeandika kwa Kigiriki na ambaye jina lake halikuhifadhiwa, alitunga mwongozo wa mabaharia tuujuao kwa jina la Periplus ya Bahari ya Eritrea. Walimu wa historia huutaja kila mwaka kwa ajili ya pembe za ndovu, magamba ya kasa na soko la Rapta. Wachache huyatilia maanani yale yaliyokuwa yakiingia. Katika bandari ya Adulis, iliyokuwa mahali ilipo Eritrea ya leo, mwandishi huyo anataja divai kiasi kidogo kutoka Laodikia na Italia. Huko Barygaza, yaani Bharuch ya Gujarat, anataja tena divai, na anasema iliyopendelewa ni ile ya Italia. Nayo ilivuka bahari ndani ya amfora. Vigae vyake vimefukuliwa Arikamedu, kusini mwa Bara Hindi.

Na pwani yetu wenyewe, aliyoiita Azania? Jina la Mombasa halimo katika maandishi yale. Lakini anasema kwamba katika baadhi ya vituo vya pwani hii wafanyabiashara walikuja na divai na ngano, si kwa kuuza, bali kwa kujipatia mapenzi ya wenyeji. Msomaji aweza kucheka akipenda. Kumbe kile kiitwacho kitu kidogo kina hati iliyokaribia kutimiza miaka 2,000, na hati hiyo yanukia zabibu.

Karne kadhaa baadaye ilikuja mitungi mingine kutoka Ghuba ya Uajemi, mirefu, isiyo na vishikio, iliyopakwa lami ndani ili isivuje. Vigae vyake vimepatikana Unguja Ukuu, na wataalamu huitaja divai miongoni mwa vitu ambavyo huenda mitungi hiyo ilibeba. Sizidishi hapo. Nataka tu mwanafunzi aelewe kwamba kigae cheusi kwa ndani si takataka. Ni barua ambayo haijasomwa.

Sasa, huko Italia kwenyewe udongo ulipatwa na nini? Ulishindwa na mbao. Amfora ya Warumi ilichukua lita 26 hivi, ilikuwa nzito hata ikiwa tupu, na ilivunjika. Pipa, ambalo Warumi walijifunza kwa watu wa Gaul, liliweza kuviringishwa na mtu mmoja. Amfora zikatupwa. Mjini Roma kuna kilima kiitwacho Monte Testaccio, chenye kimo cha mita 35 hivi, ambacho si mwamba wala mchanga: ni vigae vitupu, hasa vya amfora za mafuta ya zeituni. Baadaye yakaja mapipa ya chuma kisichoshika kutu, na ikadhaniwa kwamba habari ya udongo imefungwa.

Haikufungwa, kwa sababu kuna watu ambao hawakuuacha kamwe. Katika nchi ya Georgia, kwenye milima ya Kaukazi, wakulima waliendelea kuichachua divai katika mitungi mikubwa iitwayo kwevri, iliyozikwa ardhini hadi shingoni. Mwaka 2013 Shirika la UNESCO liliuandika ujuzi huo miongoni mwa urithi wa wanadamu, na mwaka 2017 wanasayansi walitangaza kwamba mabaki ya divai yaliyogandamana na vigae vya huko yana umri wa miaka 8,000 hivi. Mwaka 2000 mkulima mmoja wa Kiitaliano, Josko Gravner wa Oslavia, karibu na mpaka wa Slovenia, alisafiri hadi Georgia. Alikuwa amekwisha kununua mapipa ya chuma ya kisasa na yale madogo ya mbao ya Kifaransa, naye hakuridhika na yote mawili. Kuanzia mavuno ya mwaka 2001 akazitia zabibu zake katika mitungi iliyozikwa, iliyopakwa nta ya nyuki kwa ndani. Zabibu zake nyeupe huziacha pamoja na maganda yake kwa miezi, hata divai ikatoka na rangi ya kaharabu, kisha huiweka miaka hadi ifikapo sokoni. Huko Sicily, karibu na mji wa Vittoria, shamba la COS nalo lilishika njia hiyo wakati ule ule kwa mitungi ya lita 400 hivi. Divai yao mojawapo wameipa jina la Pithos, ambalo kwa Kigiriki ni mtungi.

Kwa nini udongo? Hapa mwalimu wa fizikia na mwalimu wa kemia na waje wasimame nami. Udongo uliochomwa bila ya kupakwa kitu una vitundu visivyoonekana kwa macho. Chuma hakipitishi hewa kabisa. Mbao hupitisha, lakini hulipisha kodi, maana huacha ladha yake ndani ya kinywaji. Udongo huruhusu hewa kidogo kidogo bila ya kudai kitu. Nao ukizikwa, ardhi huulinda usipate joto la ghafla wala baridi ya ghafla. Mtengenezaji hana haja ya mashine ya kupoza. Ardhi yenyewe ndiyo mashine.

Ninayo barua ya mwanafunzi wangu wa zamani, kijana wa Kibokoni, aliyehamia Italia kwa kazi. Yeye hanywi wala hajapata kunywa. Safari moja wenzake wa kazini walikwenda kulitembelea shamba mojawapo la divai ya mtungi katika Sicily, naye akafuatana nao ili asibaki peke yake mjini. Alivyoandika ni hivi, nami nimepunguza tu maneno:

"Asalaam aleikum, Mwalimu. Walituingiza mahali ambapo huoni pipa wala mtambo. Unaona midomo ya mitungi tu, safu kwa safu, imechomoza ardhini kama watu waliozikwa wakaachwa wazi vinywa. Wenzangu walipewa bilauri, wakaonja, wakaanza kubishana kama ladha ni ya chungwa lililokauka au ya majani ya chai. Mwenyeji wetu alipoona sishiki bilauri hakuniuliza sana. Alinichukua kando penye mtungi mtupu uliokuwa ukisubiri mavuno, akaniashiria niuguse, kisha niiname niunuse. Mwalimu, ulikuwa baridi. Nikaisikia harufu ile ya gudulia la nyanya linapojazwa maji kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na haya kidogo, maana machozi yalinilengalenga mbele ya watu wasionijua, kwa sababu ya chombo kitupu."

Barua hiyo niliisoma mara ya kwanza nikatabasamu. Baada ya safari ile ya Ngomeni niliisoma tena, na safari hii sikutabasamu. Kijana yule aliweza kusimama kati ya divai, asinywe, akajifunza. Mimi nilisimama mbele ya mtungi usio na kitu kwa zaidi ya miaka 300, nikakimbia.

Wapo watakaoniambia kwamba mji wetu una heshima zake. Naam, unazo, na mimi ni mmoja wa wanaozilinda. Lakini na tutazame alivyofunzwa mtoto wa madrasa. Katika Hadithi mashuhuri za ujumbe wa Abdul Qais, vyombo vinatajwa kimoja kimoja: kibuyu, mtungi wa kijani uliong'arishwa, shina la mtende lililochongwa shimo, na chombo kilichopakwa lami. Mtume aliwakataza wasiloweke tende na zabibu ndani yake, maana humo huchachuka upesi. Baadaye akaruhusu vyombo vyote, mradi wasinywe kinacholevya. Wanavyuoni wameeleza kwa karne nyingi ni udongo gani, lami gani, kwa nini hiki na si kile. Hawakuona haya kujua. Anayelijua katazo bila ya kukijua chombo ameijua nusu ya habari. Itakuwaje basi mwalimu wa historia aone haya?

Tena kila mwaka twawafunza watoto kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nao huiandika methali hiyo katika insha zao bila ya kuwahi kuelezwa tembo ni nini, kana kwamba mgema ni mnyama wa hadithini. Elezeni, walimu wenzangu. Utomvu wa kole la mnazi ukigemwa alfajiri ni mtamu kama maji ya sukari. Chachu iliyo hewani huuingia pasipo kualikwa. Ikifika jioni umekwisha kuwa kileo, na baada ya siku kadhaa ni siki. Siki hiyo yaingia katika achari za nyumba ambazo tembo lenyewe halivuki kizingiti chake. Ni somo zima la kemia. Nadhani ni sababu pia ya pwani yetu kutokuwa na amfora yake. Divai ya zabibu yangoja miaka, kwa hiyo yataka nyumba. Tembo la mnazi haliingoji hata kesho, kwa hiyo latosheka na kibuyu.

Chombo chetu cha udongo kilipewa kazi nyingine, nayo kwa kisiwa kisicho na mto ilikuwa kubwa zaidi: kuyahifadhi maji. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliona visima milangoni mwa misikiti, na watu wakiteka maji ya kuoshea miguu kwa chombo cha mti kilichotiwa mpini mwembamba wa dhiraa moja. Mtoto wa Mji wa Kale akisimuliwa hivyo haulizi hicho ni nini, maana kata ya kifuu na mpini wake ameiona, au angalau ameisikia katika methali niliyoiazima kuwa kichwa cha makala haya.

Nyanya yangu aliligeuza gudulia kifudifudi juu ya chetezo cha ubani kabla ya kulijaza, ili moshi uingie katika vitundu vile vile nilivyovitaja. Kisha aliliweka dirishani, penye upepo wa kusi. Maji yaliyopenya yalikauka juu ya ngozi ya chombo na kuondoka na joto, na yaliyobaki ndani yakawa baridi. Warumi walizipaka amfora zao utomvu wa msonobari, na divai ikachukua harufu yake. Nyanya alilifukiza gudulia kwa ubani, na maji yakachukua harufu yake. Hakupata kusikia habari za Warumi. Maji yale yalikuwa matamu kiasi kwamba hadi leo maji ya friji nayaona kama maji ya dawa. (Najua, wazee wote husema hivyo.)

Gudulia lile sijui liliishia wapi. Wafinyanzi wa vyungu bado wapo bara ya pwani, wengi wao wanawake, na methali ya kwamba mfinyanzi hulia gaeni yawahusu kwa maana yake kamili. Wanunuzi wao ni wapishi wachache na watu wa mahoteli wanaotaka vyombo vya kupandia maua. Wataliani huja kwa wingi Malindi na Watamu, na wengine hufika hadi Ngome yetu, ambayo ramani yake ilichorwa na mtu wa kwao, Giovanni Battista Cairati wa Milan, kabla ya ujenzi kuanza mwaka 1593. Hutembezwa na kuelezwa mizinga. Sijapata kusikia kiongozi akiwasimamisha mbele ya mitungi na kuwauliza wanachokijua juu ya udongo. Yamkini yangetokea mazungumzo mazuri kuliko yale ya mizinga.

Wiki iliyofuata ile ziara nilirudi darasani, nikaomba radhi. Wanafunzi walishangaa zaidi na ile radhi kuliko na habari za divai. Nilimwita mvulana wa nyuma, nikamwambia alikuwa na haki ya kuuliza, nikawaeleza haya niliyowaeleza ninyi, hadi kengele ikalia. Nikawapa kazi ya nyumbani: kila mmoja akamwulize mtu mzima wa nyumbani kwake majina yote ya vyombo vya udongo anavyovikumbuka, na kazi ya kila kimoja.

Wengi walirejea na majina mawili matatu. Msichana aliyejibu "maji" kule Ngomeni alirejea na majina manane, kwa mwandiko mzuri. Saba ndiyo yale niliyoyataja hapo juu. La nane lilikuwa nzio, na mimi mwalimu wake nililazimika kufungua kamusi: ni mtungi mkubwa wa kuwekea maji.

"Nyanya auliza," akasema, "kama Mwalimu ataka kununua. Kuna moja chini ya ngazi kwetu. Imepasuka mdomo, na ndani mmetiwa makaa."

Nimeahidi kwenda kuitazama Jumamosi.